Kanali Mkekani

Jumamosi, 12 Julai. Kilosa

Nimekimbia hadi daraja la Mkondoa na kurudi. Magoti bado yananitii. Chai, mihogo ya kuchemsha, na simu za ofisini ambazo mtu aliye likizo hapaswi kupokea. Nimezipokea zote.

Jenerali Ostkamp amethibitisha. Jumanne atakuwa Mikumi. Anasema anakuja kuangalia tembo kabla hajastaafu. Sikuzaliwa jana. Yeye ndiye mnadhimu mkuu wa misheni yetu ya kulinda amani, yaani mtu anayehakikisha kwamba alichoamua kamanda kinafanyika. Mimi niliongoza kitengo cha mipango chini yake. Akiondoka kiti kinabaki wazi, na majina yaliyobaki mezani ni mawili: langu, na la kanali mmoja wa nchi nyingine. Maoni ya Jenerali ndiyo yatakayoamua.

Nakitaka kiti hicho. Naandika hapa waziwazi kwa kuwa hakuna wa kunisoma. Nakitaka, nakiweza, na huyo mwingine hanifikii hata begani.

Jioni nzima nimeandaa mpango wa ziara. Njia, njia mbadala, maji, mahali pa kuchimba dawa, namna ya kusalimia wazee. Kurasa kadhaa. Safi kabisa.

Jumapili, 13 Julai

Kimamba, kwa wazazi. Kifua cha Baba bado kinambana, lakini ulimi mzima. Ameniuliza kama jeshini siku hizi wanalipwa kwa kupokea simu. Maisha yake yote alifanya kazi ya reli, hapo hapo stesheni ya Kimamba, kuongoza treni kwa bendera. Hadi leo treni ikipita anageuza shingo.

Tukiwa tunakula akaingia Mzee Maganga, jirani. Hakubisha hodi. Amechukua paja la kuku kwenye sahani ya Baba, akakaa, akamuuliza atakufa lini, maana ana hamu na pilau. Baba akamwambia, "Nitakuzika wewe kwanza, Mnyamwezi." Mama amecheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Babu yake Maganga aliletwa hapa kukata mkonge. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kubeba sufuria yako ikiwa jikoni, na ukinuna, mkosaji ni wewe. Nimekua hivyo. Hata sikumbuki kuna aliyewahi kunifundisha.

Nimempanga Hamisi, kaka yangu, aandae nyumba kwa ajili ya Alhamisi. Viti viwili vipya, soda baridi, mbuzi afungwe mbali. Hamisi anauza spea za baiskeli, mtu mpole sana. Amesema, "Sawa, Dada." Baadaye nikamkumbusha. Akasema sawa tena. Nikamtumia na ujumbe.

Jumanne, 15 Julai. Mikumi

Amefika kwa wakati, kama kawaida yake. Mrefu, mkavu, kofia ya pama ya kitambaa imefifia rangi kwa majua ya nchi za watu. Amenipa mkono, akaniita Kanali. Nikampa mpango wa ziara. Ameusoma wote akiwa amesimama pale pale kwenye maegesho, malori ya Zambia yakitupigia honi barabarani. Akasema ni kazi nzuri sana. Akaukunja, akautia mfukoni.

Sikupenda alivyoukunja.

Somo la salamu limemfurahisha. Nilimweleza kwamba shikamoo hupewa aliyekuzidi umri, na marahaba ndiyo jibu, hakuna mjadala. Akasema kumbe ni kama vyeo, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayepandishwa kwa kumjua mkubwa. Mhudumu wa hoteli, binti mdogo, kampa shikamoo, naye akajibu marahaba kwa sauti ya gwaride. Binti karuka.

Jumatano, 16 Julai. Mikumi

Mbugani tangu asubuhi. Tembo, twiga, viboko wanaopiga miayo. Jenerali ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Kazini alikuwa haongei ila kwa kazi. Leo kaongea.

Nimeandika alichosema kwa sababu sikuwahi kukisikia chote kwa pamoja. Alianza na vifaru, luteni kijana kwenye tambarare yenye baridi, akipenda kila siku yake. Kisha wakagundua kwamba anaandika vizuri na anajua lugha, wakamweka mezani. Hakutoka tena. Makao makuu ya muungano huu, makao makuu ya muungano ule. Milimani, jangwani, jiji moja lenye mvua ambako maofisa wa nchi nyingi walibishana wiki nzima juu ya umbo la meza ya mkutano. Ofisa mipango, mratibu, naibu mnadhimu mkuu, mwisho mnadhimu mkuu. Nyota zilikuwa zinaongezeka na askari aliowajua kwa majina wanapungua. Anasema kazi ya mnadhimu ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwepo. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Nikaona nafasi. Nikamuuliza kuhusu kiti. Siwezi kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akanijibu. Uwezo wangu hana shaka nao. Ana swali moja tu juu yangu, amekuwa nalo tangu mwaka wa kwanza tulipofanya kazi pamoja, na amekuja nalo huku. Nikamwuliza ni lipi. Akasema akiniambia nitalifanyia mpango.

Nimeudhika. Nimekaa na swali la mtu mwingine siku nzima kama mwiba wa samaki kooni. Ni ujasiri? Nina ujasiri. Ni kuvumilia wakubwa? Nimevumilia wengi, wengine wapumbavu. Basi na aniangalie vizuri. Ziara imebaki na siku tatu. Hatapata kasoro.

Alhamisi, 17 Julai. Kilosa

Tumetoka Mikumi asubuhi kwa gari langu. Vumbi, kisha lami, kisha vumbi. Tumepita kijiji cha Ulaya. Nilimwambia hii ndiyo Ulaya yetu, haihitaji viza. Amecheka kweli, akashuka, akanunua miwa.

Kilosa nimempitisha penye majengo ya zamani ya utawala. Anajua kwamba Wajerumani wenzake walikuwa na boma hapa. Hakupiga picha. Amesimama kidogo, mikono nyuma, halafu akaniomba tuendelee.

Kimamba mambo yamekwenda kama saa. Viti, soda, mbuzi mbali. Jenerali kampa Baba shikamoo. Baba kaitikia marahaba, halafu akaniuliza kwa Kisagara kama huyu mtu anakula, mbona mwembamba hivi. Sikutafsiri.

Wamepatana hao wawili. Baba alimweleza kazi ya bendera. Nyekundu simama, kijani nenda, na nilitafsiri yote. Kisha akaninyooshea kidole, akasema, "Mwanangu huyu ana ugonjwa mmoja. Ukishampa dereva bendera ya kijani, kazi yako imekwisha, unakunja bendera unarudi kivulini. Yeye akishaitoa anaikimbilia treni." Hapo nilitaka kuruka kipande. Hamisi akakitafsiri kwa Kiingereza chake cha kuuzia spea, tena kwa sauti kubwa.

Jenerali hakucheka. Alimwangalia Baba, akaitikia kwa kichwa.

Baba alichoka mapema. Alikohoa sana tulipokuwa tunaaga. Kanishika mkono, akasema mgeni wako ni mtu mzuri, mpelekee ndizi kesho. Jenerali nimemwacha gesti ya pale Kilosa. Kesho nitampeleka Chanzuru kuona mashamba. Mpango uko tayari.

Ijumaa, 18 Julai

Baba amefariki alfajiri.

Jumamosi, 19 Julai. Kimamba

Naandika nikiwa nyumbani kwa Mama. Nitaandika kwa mpangilio, vinginevyo sitaweza.

Hamisi alipiga simu kabla ya adhana. Nilifika Kimamba kukiwa bado giza. Baba alikuwa amelala kama anasikiliza kitu. Nimemshika mguu, ulikuwa bado na joto kidogo. Sikulia. Nilitoka nje nikafungua simu.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa hapa hapaswi kulifanya. Nilianza kupanga. Mazishi baada ya alasiri, basi muda upo lakini si mwingi. Nikafungua kundi la WhatsApp. Turubai, fulani. Sanda, Hamisi. Ubani, fulani. Kuni. Maji ya kumwosha marehemu, Mzee Maganga. Kuchimba kaburi, wajukuu wa Mzee Maganga na vijana wa msikitini, zamu kwa zamu, nimewaandikia na masaa. Nilijiona nafanya vizuri. Watu wakawa wanafika na mimi nawaelekeza mlangoni, huyu kushoto, huyu kulia, kama askari wa usalama barabarani. Mama alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Nilimpita mara nyingi nikienda na kurudi.

Jenerali nilimsahau kabisa. Ratiba yake ya Chanzuru ikafa bila mimi kuifuta.

Karibu na adhuhuri nikasikia kimya kutoka upande wa makaburi. Hamisi akaja, uso umemshuka. Kaburi limefika kiunoni, majembe yamewekwa chini. Watani wamegoma.

Nikadhani ni mchezo, nikasema waambie waendelee, muda unakwenda. Hamisi akasema, "Dada, usiseme hivyo kwa sauti."

Akaingia Mzee Maganga. Amevaa gunia, sufuria kichwani, kijiti begani mithili ya bunduki. Akapiga saluti mbele yangu, waombolezaji wote wakageuka. Akasema, "Afande Kanali! Nani kakuruhusu kutuandikia zamu? Mtani hatumwi. Mtani anajituma. Mimi nilikuja kumzika mwenzangu, sasa naambiwa nimeajiriwa kuchota maji!"

Watu wakacheka. Msibani, ndiyo. Ndivyo ilivyo kwetu, mtani huchekesha ili waliobaki wapate pumzi. Lakini yeye hakuwa anacheka. Akasema mfiwa hapangi. Mfiwa ambaye anapanga anawatukana wote waliokuja, maana anawaambia bila yeye hawajui kuzika. Kosa hilo lina faini: beberu mmoja, simu yangu mpaka jua lizame, na mimi mkekani. Mpaka hapo hakuna jembe litakaloinuka.

Nilikasirika. Naliandika. Nilimkasirikia mtani mbele za watu, Baba yangu yuko ndani hajaoshwa na huyu mzee kavaa sufuria. Nilifungua mdomo nimjibu kama ninavyowajibu mameja.

Ndipo nilipomwona Jenerali. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, peke yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu wa gesti kamwambia msiba, naye kapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Kasimama kando ya turubai na ameona yote. Operesheni yangu imesimama, na aliyeisimamisha ni mimi mwenyewe.

Nikajua kiti kimekwenda.

Maganga kanyoosha mkono. Nikampa simu. Kaitumbukiza ndani ya gunia. Nikaenda nikakaa.

Kukaa huko nilikuona kama kuvuliwa vyeo hadharani. Nilikaa mgongo wima, mikono magotini, kama niko kwenye kikao. Kisha Mama akaniegemea. Kichwa chake begani kwangu, mzito. Ndipo nikagundua kwamba tangu alfajiri nilikuwa sijamgusa. Nilikuwa nimewagusa watu wote wa Kimamba kwa simu, Mama yangu hapana.

Nililia pale. Wanawake wakanisogezea kanga, wakaendelea na yao. Uji ukaja, nani kaupika sijui. Maji ya kuoshea yalikuja, mengi kuliko niliyoagiza. Kutoka makaburini majembe yakaanza tena. Hakuna aliyeniuliza swali lolote. Nilikuwa nasubiri waniulize.

Kwa wanaume huko nikasikia Maganga amempata Mjerumani. Jenerali kampa shikamoo, kwa heshima, kama nilivyomfundisha. Mzee akaikataa. Akasema, "Shikamoo ya Mjerumani ninaidai tangu babu yangu alipochapwa viboko shambani. Hii moja haitoshi, ongeza!" Katika kurasa zangu zote za maelezo niliandika mpaka habari za mbung'o. Habari za watani sikuandika hata mstari. Ningekumbuka vipi? Nani anaandika habari za hewa?

Na Hamisi, mtu mpole, akatafsiri yote, neno kwa neno.

Jenerali kaivua kofia. Kasema shikamoo tena. Halafu tena. Maganga kaitikia ile ya mwisho, marahaba ndefu, kisha kampa sepetu. "Babu zako walituchimbisha. Leo zamu yako." Wakaondoka naye.

Mimi sikuenda makaburini. Kwetu wanawake hatuendi. Nilisikia takbiri zikitoka uani, zikapita nyuma ya nyumba, zikawa ndogo, zikaisha. Hapo hakuna mpango unaosaidia. Unakaa na mama yako mnasikiliza.

Walirudi jua likiwa limelala. Jenerali alikuja mpaka ukingo wa mkeka, akasimama hapo hapo. Suruali tope hadi magotini, viganja vimechubuka, hana kofia. Kasimama mguu sawa. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimpa kamanda taarifa kila asubuhi. Naiandika ilivyokuwa.

"Kanali, naomba kutoa taarifa. Mzee alitoka nyumbani kwake baada ya sala. Amebebwa na mabega mengi, hakuna aliyechoka kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kubeba muda mrefu. Udongo wa juu mgumu, wa chini laini. Kaka yako aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Mzee Maganga alikaa ukingoni akakataa kutoka mpaka alipwe, nikamlipa kofia. Nilitia udongo mara tatu kama wengine. Treni ilipita tukiwa tunamalizia, watu wote wakageuka kuiangalia. Kazi imekamilika. Hakuna kilichosahaulika."

Nikasema asante, Jenerali. Mama akauliza anasemaje. Nikamwambia. Treni na yote.

Jumapili, 20 Julai. Kimamba

Leo hitima, siku ya tatu. Nimekaa. Mara moja nilinyanyuka kuangalia sufuria za wali, Maganga akakohoa, nikarudi mkekani.

Jenerali alikuja kuaga. Tumekaa kwenye vile viti viwili vipya nyuma ya nyumba. Alinieleza kitu ambacho hakuwa amekisema mbugani. Baba yake alikufa yeye akiwa mkutanoni, nchi nyingine, ile wiki ya kubishania meza. Aliendesha mazishi yote kwa simu katikati ya vikao. Kanisa, maua, magari, chakula. Yalikwenda bila kasoro, kila mtu alimsifu. Hakuyaona. Juzi, anasema, ndiyo mara ya kwanza kumzikia mtu baba yake, na alikuwa na malengelenge ya kuthibitisha. Alinionyesha viganja. Aliona fahari nayo kama kuruta.

Kisha akaniambia swali lenyewe. Alitaka kujua kama naweza kukaa chini wengine wakifanya kazi. Basi. Anasema ofisa mipango anayeshika kila kitu mkononi ni hazina, lakini mnadhimu mkuu wa namna hiyo huwaua watu wake kwa uchovu, na misheni hufa siku akiugua malaria. Yeye alikuwa hivyo, na alichelewa kujua. Ilibidi aniangalie mahali ambapo sikumpangia.

Amekwisha kutuma maoni, jana. Sentensi ya mwisho inasema: Anaweza kukaa chini.

Nilikasirika tena. Nimesoma vyuo vya nchi mbalimbali. Nimevusha misafara ya chakula kwenye barabara zilizotegwa mabomu. Nimeandika mipango ambayo majenerali waliisoma kama yao. Na sifa iliyotumwa ni kwamba nimekaa mkekani! Nilimwambia hivyo, bila kupunguza. Akasema ndiyo, hayo mengine wewe na yule kanali mwingine wote mnayo.

Nikamwachia neno la mwisho. Mimi! Baba angefurahi sana.

Jumatatu, 21 Julai

Jenerali ameondoka. Nilitaka kumpeleka Mikumi, akasema Hamisi ameshamtafutia gari. Wamelipanga wenyewe. Sikuuliza hata gari la nani. Ilibaki kidogo tu niulize.

Faini imelipwa. Beberu mweusi, mnene. Maganga kasema amekonda.

Jumanne, 5 Agosti. Kilosa

Simu imekuja kutoka makao makuu ya jeshi. Kiti ni changu. Naripoti kabla mwezi haujaisha, na mkuu anataka niwahi ili nikabidhiwe vizuri.

Sikushangaa. Nilijua. Hapana, siku ile pale mkekani sikujua, lakini leo nimejua kama vile nilijua siku zote. Nimekwenda sokoni nikanunua nyama ya kutosha ukoo mzima, nikaipeleka Kimamba. Mama kanishika uso kwa mikono miwili, akasema baba yako angejidai stesheni nzima. Kisha akauliza arobaini itakuwaje.

Arobaini itanikuta nimeshaondoka. Nilikuwa nimeshahesabu tangu simu ilipokatika. Nilimwambia Mama tutaona. Njiani kurudi kichwa kilikuwa kinapanga chenyewe. Mchele gunia ngapi, maturubai, nani awaite masheikh wa Chanzuru, ndugu wa Malolo walale wapi. Nilipofika nikakaa nikaandika ujumbe mrefu kwa Hamisi, una vipengele na majina. Mzuri.

Haujatumwa. Nitaangalia kesho.

Jumapili, 17 Agosti. Kilosa, stesheni

Niko behewani. Bado halijaondoka.

Asubuhi nilipita Kimamba kumuaga Mama. Tumekaa mkekani, tumekunywa chai, hatukuongea mengi. Kaburi la Baba limeanza kuota nyasi pembeni, kasema Hamisi. Ameahidi kunitumia picha mvua za kwanza zikinyesha.

Hamisi kanileta hapa, na Mzee Maganga akaja naye bila kualikwa. Amevaa ile kofia ya Jenerali. Inampwaya mpaka masikioni. Watu wa stesheni wanamwita Mjerumani, naye anaitikia. Nilimpa shikamoo. Akasema atanijibu nikirudi na nyota mabegani.

Kisha akanisogelea dirishani, akasema, "Wewe nenda. Baba yako tumemfukia vizuri, hatoki. Arobaini tunaifanya sisi. Ukipiga simu tunaizima." Nikamwambia akaoshe shingo kwanza, kofia ya watu inaoza. Alifurahi mno. Alipogeuka nimeona akijipangusa macho kwa ukingo wa kofia.

Ule ujumbe nimeufuta hapa hapa kwenye kiti. Nilimtumia Hamisi mfupi. Niliandika, "Asante, kaka." Amejibu, "Sawa, Dada."

Mtu wa stesheni katoa ishara, akageuka, akarudi kivulini. Tunaondoka. Simu iko mkobani.